Maharage ya Umeme

Léonidas alirudi nyumbani ameshiba, na hilo ndilo lililomuudhi Athanasie, wala si kuchelewa. Kuchelewa angemsamehe. Fundi wa chuma wa Nyakabanda huchelewa: mteja humganda, umeme hukatika, bati hukataa kukunjika. Lakini kushiba? Mume wa mtu hushibaje njiani?

"Umekula wapi?"

"Nimeonja tu."

"Tumbo hilo ni la kuonja?"

Léonidas alicheka kidogo, akakaa kwenye benchi, akavua viatu. Mbele yake palikuwa na maharage na ndizi, yamefunikwa sahani juu. Athanasie alikuwa ameyapika tangu mchana kwenye imbabura, jiko la makaa ambalo mume huyu huyu alilikunja kwa mikono yake mwaka waliooana. Aliyasimamia, akayaongezea maji, akapuliza mpaka machozi yakamtoka. Sasa bwana anainua kifuniko, ananusa, anafunika.

"Raïssa alikuwa anajaribu sufuria zake za umeme," akasema. "Akakataa niondoke bila kuonja. Sha, yanaiva kwa muda wa kwenda dukani na kurudi tu! Maharage laini kabisa. Halafu anatia seleri."

"Anatia seleri."

"Kidogo. Inaleta harufu."

Hapo ingefaa anyamaze. Lakini wanaume, jamani! Mtu ameshaona uso wa mkewe umekunjamana, bado anaongeza. "Hata moshi hakuna," akasema Léonidas. "Unakaa karibu na chakula, na unapumua."

Athanasie aliiondoa ile sahani mbele yake, taratibu, akaipeleka ndani. Yeye mwenyewe hakula usiku ule. Alilala ameuelekea ukuta, na kila mume alipojigeuza, alinusa. Kweli alinuka vitunguu vya mtu mwingine.

Athanasie aliuza makaa. Mlango wake ulijulikana mtaa mzima kwa ile ardhi nyeusi mbele yake. Magunia yalikuja kutoka mashambani, yeye akapima kwa kopo, na makopo hayo ndiyo yaliyompeleka Gisa, mtoto wao wa pekee, shule ya bweni huko Huye. Lakini mambo yalikuwa yamegeuka. Kila mkutano sasa ulikuwa wa hewa, misitu inayokatwa, moshi unaoipasha dunia joto. Wapangaji wapya walihamia na mitungi ya gesi. Wenye nyumba walikataza makaa ndani ya nyua zao. Malori ya makaa yakawa yanaingia mjini kwa woga, bei ikapanda, wateja wakapungua. Athanasie hakubisha habari za hewa. Yeye mwenyewe alikohoa kila asubuhi. Alichouliza ni kimoja tu: kama dunia lazima iokolewe, kwa nini waanzie mlangoni kwake?

Na hata hayo angeyavumilia, lau si Raïssa.

Raïssa alikuwa mteja wake. Alifika Kigali kutoka Bujumbura hana hata kijiko, na kwa kuwa Athanasie naye alikulia Buyenzi, huko huko Bujumbura, waliitana dada siku ile ile, wakacheka kwa Kiswahili cha kwao ambacho majirani walikifuata kwa shida. Athanasie alimpa makaa ya mkopo bila kumtazama usoni, maana kumtazama mtu usoni wakati unamkopesha ni kumpiga kofi. Leo Raïssa ni wakala wa sufuria za umeme. Suruali imepigwa pasi, kucha nyekundu, ua wake umejaa maboksi. Tena yeye ndiye aliyempa Léonidas kazi ya kuunda stendi za chuma za kuwekea sufuria hizo, kwani majiko ya makaa hayakununuliwa tena. Pesa ilikuja, ikanunua sabuni, ikanunua mafuta, na Athanasie aliipokea kama mtu anayepokea chai ya moto bila kikombe.

Kisha ile sabuni. Léonidas alianza kunawa kwa sabuni kabla ya kwenda kazini. Kabla! Fundi gani duniani anajisugua kucha halafu anakwenda kushika kutu?

*

Siku chache baadaye Raïssa alikuja mwenyewe mlangoni. Mukankusi, jirani aliyekuwa ananunua kopo lake la makaa, alipomwona alirefusha shughuli: akaanza kuchagua vipande kimoja kimoja kana kwamba ni mayai.

"Mama Gisa, amahoro?"

"Amahoro."

"Dada, nina ombi. Jumamosi baada ya umuganda, Mzee Gakwaya amenipa nafasi kwenye mkutano. Nitapika mbele ya mtaa mzima. Maharage makavu, bila kuloweka."

"Hongera."

"Naomba uyalete wewe."

Athanasie alisimamisha kopo hewani. "Mimi?"

"Nikileta yangu watasema nimeyachagua, ama niliyachemsha kabla. Wewe unauza makaa. Ukiyaleta wewe, nani atasema kitu? Watu hapa wanakuamini."

Raïssa alisema kwa moyo mweupe. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyelala vibaya. Kampuni ilikuwa imemwambia wazi kwamba asipopata wanunuzi mwezi huo, maboksi yanakwenda kwa wakala mwingine kule Kinyinya. Lakini hilo hakulisema, kwa sababu naye alikuwa na maringo yake. Na Athanasie alisikia kitu kingine kabisa. Alisikia: chimba kaburi lako, na jembe njoo nalo.

"Papa Gisa ameshaniambia utakubali," Raïssa akaongeza.

Ameshamwambia! Kwa hiyo wamekaa, wawili hao, wakamjadili. Pengine na maharage mbele yao. Athanasie akatabasamu tabasamu ambalo Mukankusi alilisimulia baadaye kwa wiki nzima.

"Kama Papa Gisa amesema," akajibu, "basi mimi ni nani?"

*

Ijumaa alipanda basi mpaka Kimironko. Nyamirambo palikuwa karibu, maharage yapo tele, lakini Nyamirambo wanamjua. Kimironko soko ni kubwa, kila mtu ana haraka, hakuna wa kuuliza mama wa Nyakabanda amefuata nini huku. Alipita kwenye vitambaa, akawapita mafundi cherehani, akafika kwenye safu ya nafaka, kwa mzee mmoja aliyeitwa Usumani, mwenye kofia na ulimi mwepesi.

"Karibu mama! Maharage mapya, yametoka shamba juzi, hata kuni hayataki!"

"Nataka ya zamani."

"Ya zamani?"

"Ya mwaka juzi, kama unayo."

Usumani alimtazama toka juu mpaka chini. "Mama, watu wote hapa wananiapisha kwamba ni mapya. Wewe ni wa kwanza. Ni ya kuku?"

"Ni ya wageni."

Mzee alicheka mpaka kofia ikahama. "Allah! Hao wageni wamekukosea nini?"

Athanasie nusura amweleze. Mgeni kabisa, mtu asiyemjua, nusura amwambie: mume wangu amepata mahali pa kupumua. Badala yake akasema, "Wana haraka sana na chakula."

Usumani aliinama chini ya meza, akavuta mfuko uliosahauliwa kwenye kona. Maharage yalikuwa yamefifia, ngozi imekunjamana, mengine yana vitundu vya wadudu. Kila mwanamke aliyewahi kupika anayajua hayo. Unayaweka jikoni asubuhi, jioni bado yanagonga sufuria. Wadudu wenyewe walikuwa wameyahama.

Aliyafunga kwenye kitenge, akarudi ameyapakata. Tusimdanganye mtu: Athanasie alikuwa na furaha. Mara ya kwanza tangu mvua zianze alifika nyumbani anaimba, hata Léonidas akashangaa, akauliza kuna nini. Hakuona aibu hata kidogo. Aliyatia kikapuni, akatandaza machache mazuri juu yake, akapanga vizuri, akafunika.

*

Jumamosi mtaa mzima ulitoka kwa umuganda, ukazibua mitaro mpaka jua likapanda, kisha watu wakakusanyika uwanjani na majembe yao na matope miguuni. Raïssa alikuwa ameshavuta waya kutoka nyumba ya jirani na kupanga maboksi yake pembeni. Sufuria ilikaa juu ya stendi ya Léonidas, iliyopakwa rangi ya kijani, na Athanasie alipoiona alitambua kitu kilichomchoma: miguu ya stendi ilikuwa imekunjwa maua mwishoni. Kwake hakuna kitu kilichowahi kukunjwa maua.

Alitoa kikapu. Raïssa alimkumbatia mbele ya watu wote.

"Mnaona? Yametoka kwa Mama Gisa mwenyewe!"

Watu wakapiga makofi. Mzee Gakwaya, mkuu wa mtaa, akawa anafika, Raïssa akakimbia kumpokea, akamgeukia Léonidas: "Papa Gisa, nisaidie kuyaosha, uyatie."

Léonidas aliyamwaga kwenye beseni, akazamisha mikono. Akasita kidogo hivyo, mikono majini. Athanasie alimwona, akaamini anamtafuta Raïssa kwa macho. Kisha mume akainuka, akayatia kwenye sufuria, akafunga kifuniko.

Gakwaya alizungumza kuhusu mji safi, kuhusu miti ya vilimani, kuhusu watoto wanaokohoa. Alizungumza kwa ufupi, maana naye alikuwa na njaa. Raïssa akaeleza vitufe, umeme unavyoliwa kidogo, mama anavyoweza kwenda sokoni na chakula kikajipikia. Wanawake walisogea. Wengine walikuwa wameshaanza kuulizana kuhusu kulipa kwa awamu. Hatimaye sufuria ikalia, mvuke ukatoka, harufu ya seleri ikaenea, na watu wakasema "Yoo!" kwa pamoja.

Raïssa akachota. Akachukua harage moja, akalibonyeza kwa vidole mbele ya watu, kama alivyofanya mara nyingi nyumbani kwake.

Halikubonyea.

Akachukua jingine. Mukankusi akanyoosha mkono, akatia moja mdomoni, likasikika likivunjika. "Mama yangu!" akapiga kelele. "Hii ni kokoto!"

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Mmoja akapaza sauti, "Makaa oyee!" na wenzake wakaitikia. Wanawake waliokuwa wanauliza bei wakaanza kukunja vitenge vyao. Raïssa alisimama na kijiko mkononi, shingo imelowa jasho. "Labda umeme ulikuwa mdogo," akasema. Hakuna aliyemsikia.

Na Athanasie? Athanasie alikuwa mbinguni. Alikaa na mikono mapajani, uso wa mtu wa kanisani, huku moyo unacheza ngoma. Mtazame sasa na kucha zake! Mtazame na seleri yake!

Ndipo Léonidas alipochukua sahani. Akachota maharage, tele, akaketi kwenye jiwe, akaanza kula. Watu waliyasikia meno yake. Krr, krr. Akameza kwa shida, akachota tena.

"Papa Gisa, utavunjika meno!" walimcheka.

"Mimi nayaona matamu," alisema Léonidas, akaendelea kutafuna.

Matamu. Kila tonge lilimwingia Athanasie kifuani. Mwanamume huyu alizifunika ndizi zake bila hata kuzionja, leo anatafuna mawe hadharani ili mwanamke mwingine asiaibike! Akasimama bila kujua amesimama.

"Léonidas!"

Alimwita kwa jina, si Papa Gisa, na watu wote wakamgeukia.

"Mimi nikichelewa kidogo na chakula unanuna. Nikizidisha chumvi unanuna. Leo unavunja meno kwa ajili ya huyu! Maharage ya mwaka juzi, wadudu wameyala mpaka wameyachoka, kuku hawayataki, na wewe unasema matamu!"

Maneno yalikuwa yameshatoka. Hayakurudi. Aliyaona yakifika kwenye nyuso za watu, uso mmoja baada ya mwingine.

"Ya mwaka juzi?" aliuliza Mukankusi taratibu. "Umejuaje ni ya mwaka juzi?"

Raïssa alikwenda kwenye kikapu. Chini yake yalikuwa yamebaki machache. Akayatia kiganjani, akayageuza, akayatazama yale matundu. Kisha akainua macho.

"Dada," alisema. Hilo tu.

Aibu yote ilikuja pamoja. Athanasie aliomba ardhi ipasuke, haikupasuka, ilikuwa imetoka kuzibuliwa mitaro vizuri. Léonidas aliweka sahani chini, akamsogelea, akasema kwa sauti ndogo ambayo hata hivyo waliokuwa karibu waliisikia.

"Nilikuwa nayamaliza."

"Nini?"

"Nayamaliza, ili mtu asiyaangalie sana. Niliyajua tangu yapo kwenye beseni. Ningeweza kusema. Nimemwacha mtu aliyenipa kazi achekwe, nikanyamaza. Unafikiri nilikuwa naficha aibu ya nani pale?"

Mwanamke mwingine angeomba radhi hapo. Athanasie aliuliza, "Kwa hiyo si kwa ajili yake?"

"Oya, Athanasie! Hata sasa unauliza hilo?"

"Ndiyo nauliza."

Léonidas alijipangusa mdomo kwa mkono. Alionekana mzee ghafla. "Kwake naenda kazini. Hakuna kingine. Lakini napenda kukaa pale, sikufichi. Pale naulizwa kama nimechoka. Nyumbani naulizwa nilikuwa wapi."



*

Watu walianza kuondoka, wengine wakisonya. Gakwaya alisema jambo hilo litazungumzwa, kwamba mtaa hauwezi kujengwa kwa hila. Raïssa hakumsikiliza. Alikuwa anamimina maji kwenye sufuria, juu ya maharage yale yale. Akafunga kifuniko, akabonyeza.

"Rudini mkae," alisema. Sauti ilifika mbali. "Nilisema nitapika maharage makavu. Sikusema ya mwaka gani."

Basi wakarudi. Nani angeondoka hapo? Wakakaa, na pembeni ya Athanasie kukabaki nafasi pande zote mbili. Angeweza kwenda nyumbani. Njia ilikuwa wazi. Lakini njia hiyo ilipita mbele ya macho yote yale. Akangoja na wengine. Alimtazama Raïssa akisimama peke yake karibu na sufuria, akijifuta viganja tena na tena kwenye ile suruali ya pasi, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba yule mwanamke ana hofu kama yake. Haikumpunguzia wivu. Aliuonea wivu hata huo ujasiri wa kusimama.

Sufuria ililia. Raïssa alifungua, lakini safari hii hakubonyeza chochote. Alichota sahani moja, akavuka uwanja, akaiweka mikononi mwa Athanasie.

"Sema wewe."

"Yeye tena?" Gakwaya akashtuka. "Baada ya alichofanya?"

"Maharage ni yake, Mzee. Na makaa ni yake. Akisema yeye, yamekwisha."

Athanasie alitazama sahani. Mvuke ulimpiga usoni. Alijua vizuri sana anachoulizwa. Akisema bado, nusu ya wanawake wale watamwamini, hata leo, hata na aibu hii, maana wengi wao walitaka kumwamini. Watarudi na makopo yao Jumatatu na Raïssa atapoteza maboksi yake. Akisema yameiva, ameuza mlango wake mwenyewe. Magunia yaliyobaki ndani hayatapata mtu. Alimtafuta Léonidas. Alikuwa ameangalia chini, hamsaidii.

Akatia mdomoni. Akatafuna. Hapakuwa na kitu cha kutafuna.

"Yameiva," alisema.

"Hatusikii!" Mukankusi akapaza sauti.

"Yameiva!" Athanasie alifoka, kwa hasira, kama anayemtukana mtu. "Mmesikia? Yameiva!"

Wakasikia. Wakainuka wote pamoja, wakayaendea maboksi, Mukankusi akitangulia, na katika haraka yake alimkanyaga Athanasie mguu bila kusema samahani. Walibaki watatu: yeye, mumewe na Raïssa. Athanasie alikuwa hajatia kitu tumboni tangu jana, furaha ilimzuia kula kisha hasira ikamzuia, na sasa mkono wake ulirudi kwenye sahani wenyewe. Alikula ameinamisha kichwa. Alikula mpaka mwisho, machozi yanamtiririka, na wala haukuwa moshi. Wivu ulikuwa bado upo pale pale, haujaondoka, umekaa kama mgeni anayesubiri kulishwa. Alipomaliza alimwinulia Raïssa sahani tupu.

"Niongeze," alisema. "Na mume wangu mwekee. Yale aliyotafuna hayakuwa chakula."